Vikombe Viwili vya Chai

Lifti ya lile jengo la ghorofa nane ilikwama saa nne asubuhi, siku ya mwisho wa mwezi, wakati kila mtu ana haraka na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani walikuwamo watu tisa: wakili na mafaili yake, akina mama wawili waliokuwa wakienda kung'olewa meno, makarani watano waliokwisha kuchelewa, na msusi mwenye saluni ya ghorofa ya nne. Msusi alivaa gauni jekundu lenye mifuko mikubwa, na mkononi alikuwa na chanuo la chuma ambalo sasa alikuwa akilitumia kugonga mlango.

"Fungueni! Tunakufa humu!"

"Dada," sauti ya mwanamume ikajibu kutoka nje, taratibu kabisa, "usigonge. Huo mlango umechoka kuliko wewe."

"Wewe nani?"

"Fundi."

"Fundi gani? Siku hizi kila mtu fundi."

"Yule ambaye ukimkera anakwenda kula kwanza."

Makarani wakacheka. Msusi hakucheka, jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Akaisogeza midomo yake karibu na ufa wa mlango.

"Kaka, usituache. Tafadhali."

Ile sauti ikarudi, safari hii bila mzaha. "Siendi popote. Niko hapa. Niulize lolote unalotaka, nitakuwa najibu huku nafanya kazi. Ukinisikia najibu, jua nipo."

Akamuuliza kwa dakika arobaini. Amekaa na kazi hii miaka mingapi, mkewe anaitwa nani, kama hana mke ana kasoro gani, anapenda nywele fupi au ndefu. Akina mama wa meno wakasahau meno, wakaanza kumsaidia maswali. Mlango ulipofunguka hatimaye, Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, mrefu, ovaroli ya buluu, grisi kwenye shavu, akimnyooshea mkono.

"Wewe ndiye wa chanuo?"

"Na wewe ndiye usiye na kasoro?"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kuanzia siku hiyo yeye akawa "Chanuo" kwenye simu ya Fundi, na lifti ya jengo lile ikawa inakaguliwa mara nyingi kuliko lifti yoyote mjini.

Mwaka uliofuata kampuni ikampeleka Fundi ng'ambo kwa miezi miwili, akajifunze mitambo mipya kiwandani. Msusi alilia siku tatu. Siku ya nne akampigia simu dada yake mkubwa, aliyeolewa na kuishi nchi hiyo hiyo, ambaye alikuwa amejifungua mapacha.

"Dada, bado unahitaji mtu wa kukusaidia watoto?"

"Nimekuomba tangu nina mimba, ukasema saluni haina wa kuiangalia."

"Sasa nimempata wa kuiangalia."

Dada akacheka mpaka mtoto mmoja akaamka. "Na huyo uliyemfuata huku, tutamwona lini?"

Mji wa dada na mji wa kiwanda ulitengana kwa saa mbili za treni. Wakawa wanakutana Jumamosi. Na Jumamosi ya sita Msusi akasema amechoka na maduka na vituo vya treni, anataka kuona ile milima ya kijani anayoipita kila wiki dirishani.

"Kwa baiskeli," alisema kwenye simu.

"Chanuo, wewe unaijua baiskeli?"

"Wewe si ulisema ulisambaza mikate kwa baiskeli miaka minne? Utanifundisha."

"Nilisambaza mikate kwenye tambarare, mpenzi. Mkate haupandi mlima."

"Basi siku hiyo nitakuwa mimi mkate wako."

Walikodi baiskeli kwa mzee mmoja jirani na kituo kidogo cha treni. Mzee alitazama mawingu, akawatazama wao, akaingia ndani na kurudi na makoti mawili ya mvua, la kijivu na la manjano. La manjano lilimfika Msusi kwenye vifundo vya miguu. Fundi alicheka hadi akashika mti.

"Unafanana na kifaranga."

"Na wewe unafanana na nguzo ya umeme. Twende."

Manyunyu yalianza kabla hawajamaliza kilima cha kwanza. Barabara ilikuwa nyembamba, imebanwa na kuta fupi za mawe pande zote mbili, na nyuma ya kuta kondoo walisimama wameloa, wakitafuna, wakiwatazama bila huruma. Kila walipofika juu ya kilima, waliona kilima kingine. Msusi alikuwa akisukuma baiskeli zaidi ya kuiendesha, lakini alikuwa na furaha. Uso ulikuwa umeng'aa kwa maji na kicheko kilikuwa kikimtoka ovyo. Waliposhuka, alipiga kelele njia nzima na breki zikapiga kelele pamoja naye.

Saa sita mchana wakajikinga chini ya mti juu ya kilima cha nne, mvua ikiwa sasa si manyunyu tena. Hapo ndipo Msusi alipoamua kusema.

"Fundi wangu, nataka kukwambia kitu, usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Kuna saluni karibu na kwa dada. Mwenyewe aliziona nywele za dada nilizosuka, akaniita. Anataka nikae mwaka mmoja, wanijaze ujuzi, vibali watanifanyia wao. Mwaka mmoja tu. Nikirudi ninafungua ya kwangu, kubwa."

Fundi alikuwa akikamua kofia yake. Akaacha kuikamua.

"Ameanza kukuambia lini?"

"Wiki mbili hizi."

"Wiki mbili! Kila siku tunaongea. Unaniambia pacha huyu kapiga chafya, pacha yule kacheua, na hilo umelikalia?"

"Nilikuwa nangoja siku nzuri."

"Siku nzuri yenyewe ndiyo hii?" Akaonyesha mbingu kwa mkono.

Msusi akacheka. Hakuwa na nia mbaya. Maji yalikuwa yakimchuruzika Fundi kutoka puani alipokuwa akisema kwa ukali, na ilikuwa kichekesho. Lakini Fundi alikuwa amebakiza wiki mbili arudi nyumbani, na katika safari zake zote za treni alikuwa akipanga namna ya kumwomba wafunge ndoa. Kile kicheko kilimwingia kama sindano.

"Basi baki," akasema. "Baki nao." Akapanda baiskeli.

"Fundi! Acha utoto. Fundi, cheni yangu imetoka, ningoje!"

Alisikia. Alisikia kila neno, na "cheni" alilisikia vizuri kuliko yote, maana yeye ni fundi. Akaachia breki, akateremka.

Chini ya mteremko palikuwa na kijiji cha nyumba ishirini hivi, daraja la mawe, na mgahawa mdogo wenye taa. Fundi aliingia. Mama mwenye mgahawa alimvua koti kama anamvua mtoto, akamketisha karibu na jiko la kuni, akamwonyesha kwa ishara avue viatu na soksi. Soksi zikatundikwa. Chai ikaja kwenye kikombe kikubwa, ya moto, na kipande cha keki.

Kikombe cha kwanza alikinywa kwa hasira. Alijiambia atakuja tu, barabara ni moja, mwache ajifunze. Akapiga simu, simu yake ikasema haina mtandao. Mvua ikaanza kumwagika kwelikweli, vioo vya dirisha vikawa vyeupe. Kikombe cha pili alikinywa polepole, na huko katikati hasira ikaisha, ikaja hofu, na juu ya hofu ikaja aibu. Sasa angekwendaje? Angemwambia nini? Dakika thelathini angeweza kuzieleza. Saa nzima je? Kila dakika aliyongoja ilifanya kuondoka kuwe kugumu zaidi. Akajiambia pengine amerudi kituoni. Akajua si kweli, akaendelea kukaa. Soksi zilikuwa zinakauka.

Alipokuwa amekaa humo saa moja na dakika arobaini, mlango ulisukumwa akaingia mama mnene wa posta, sare imemganda mwilini, akaongea na mwenye mgahawa haraka haraka. Fundi hakuelewa maneno. Alielewa mikono: mtu, koti refu mpaka chini, mguu. Mama wa posta akashika kifundo chake mwenyewe na kukunja uso.

Fundi alisimama akapindua kiti. "Manjano?" akauliza kwa lugha yao, neno mojawapo katika machache aliyoyajua. "Koti la manjano?"

Mama wa posta akamtazama. Akatazama miguu yake mitupu, vikombe viwili, sahani yenye makombo. Akanyoosha kidole dirishani: nyumba ya tatu ng'ambo ya daraja, gari la posta limesimama mbele yake.

Hata hatua mia tatu hazikufika.

Na hapa ndipo Fundi alipofanya jambo ambalo angelikumbuka kila aoshapo uso. Alivaa soksi, viatu, koti. Akatoka. Akavuka daraja. Lakini kabla ya kufika mlango wa ile nyumba alijitazama: nywele kavu chini ya kofia, suruali kavu, mashavu yenye joto la jiko. Pembeni mwa banda la kuni mfereji wa paa ulikuwa umevunjika, maji yanashuka kama bomba. Akafungua koti, akasimama chini yake. Akasimama mpaka meno yakagongana. Akainama, akachota matope, akajipaka magotini. Kisha akabisha hodi.

Msusi alikuwa amelazwa kwenye kochi, mguu umeinuliwa juu ya mito, kifundo kimevimba kama embe. Alikuwa ameteleza mtaroni akisukuma baiskeli, muda mfupi tu baada ya Fundi kuondoka. Simu ikazama majini. Alikaa ameegemea ukuta wa mawe karibu saa moja na nusu, akiita, mpaka gari la posta lilipopita. Alipomwona Fundi mlangoni, analowesha sakafu ya watu, anatetemeka, matope mpaka mapajani, aliangua kilio.

"Ulikuwa unanitafuta! Jamani, Fundi wangu, ulikuwa unanitafuta!"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Fundi aliiona, kama mtu anavyouona mlango wa lifti unaoanza kujifunga.

"Nilikutafuta kila mahali," akasema.

Mama wa posta alikuwa amemfuata Fundi. Alichukua taulo kabatini mwake, akamkabidhi, na hakuliachia mara moja. Alimkazia macho mpaka Fundi akayatupa ya kwake chini. Kisha akaenda kuchemsha maji. Hakusema neno, wakati ule wala baadaye.

Wiki hiyo hiyo Msusi aliikataa kazi ya ng'ambo.

"Una wazimu?" dada yake alimuuliza, pacha mmoja kila bega.

"Dada, mtu aliyezunguka milima saa mbili mvuani kwa ajili yangu, nimwache mwaka mzima?"

"Mwenyewe amekuomba usikae?"

"Hajaniomba. Ndiyo maana sikai."

Fundi alipoambiwa alijaribu kumpinga. "Kaa, Chanuo. Mwaka ni mchache." Na kadiri alivyosema hivyo kwa upole, ndivyo Msusi alivyozidi kumpenda.

Nyumbani, habari ile ikapata miguu yake. Saluni ni mahali ambapo kisa hakilali njaa. Mteja wa Jumatatu aliambiwa Fundi alitafuta saa mbili; wa Alhamisi akaambiwa saa tatu. Mwezi wa pili Fundi alikuwa ameanguka mara mbili, ameita mpaka sauti ikamkauka, ameruka ukuta wenye kondoo dume. Msusi hakuwa akidanganya. Alikuwa akiyaona hivyo kila alipofumba macho, na wateja nao walikuwa wakimsaidia.

"Wa kwangu mimi," alisema mteja mmoja chini ya kofia ya kukaushia nywele, kwa sauti kubwa kwa kuwa hasikii, "nikichelewa kutoka bafuni tu ameshalala!"

Fundi akiingia saluni, wanawake walikuwa wakisimama. "Shemeji kaingia, mpisheni!" Naye alikuwa akitabasamu huku macho yake yakienda chini, kwenye miguu ya Msusi. Kile kifundo hakikupona vizuri. Ifikapo mchana Msusi alikuwa akisuka amesimamia mguu mmoja, wa kulia ameukunja kidogo kama jogoo, na akiona anatazamwa anaushusha haraka.

Fundi akaanza kukwepa simu za Msusi.

"Jana nilikupigia mara tano."

"Nilikuwa ndani ya shimo la lifti, mpenzi."

"Na juzi?"

"Hilo hilo shimo."

"Fundi, kama ni huu mguu, niambie. Kama hutaki mke anayechechemea, sema, mimi ni mtu mzima."

"Chanuo, usiseme hivyo! Tafadhali usiseme hivyo tena." Na alipokata simu akakaa kwenye ngazi za jengo la watu, spana mkononi, akajiona mtu mdogo kuliko alivyowahi kujiona.

Jumapili moja mama yake Msusi akawaita. Huyu mama alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, miwani shingoni, na kwa mwaka mzima hakumtaka Fundi. Alikuwa akisema mtu wa kazi ya kupanda na kushuka hafiki popote. Kisa cha mvua ndicho kilichombadilisha. Alikuwa amemwalika na kaka yake, mjomba wa Msusi, ili wazungumze rasmi habari za ndoa. Sebule ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza. Msusi alivaa gauni la rangi ya maziwa, nywele ameziinua juu, hereni ndefu zinacheza.

"Sasa baba," mama akamwambia Fundi walipomaliza kula, "mimi nimelisikia lile jambo kwa mwanangu. Mjomba wake hajalisikia. Tusimulie mwenyewe."

Fundi alimtazama Msusi. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono amefumbata, kama mtoto anayengoja hadithi anayoijua.

Akasimulia. Akasimulia vizuri, hilo ndilo lililomtisha. Akaweka ukungu, akaweka kondoo, akaweka sauti yake mwenyewe ikipotea mvuani. Mama akavaa miwani, akaivua, akafuta macho. Mjomba akampiga begani. "Dada," akasema, "huyu hata leo mpe."

Msusi akamsindikiza mpaka getini. Jua la alasiri lilikuwa kali, na alikuwa akichechemea, ameshika mkono wake.

"Umesahau kusema ulipoanguka mara mbili," akamwambia, akicheka.

"Sikuanguka."

"Uliniambia, Fundi."

"Sikukwambia. Ulisema wewe, mimi nikanyamaza." Alikuwa amesimama. "Sikuanguka kwa kuwa sikutoka. Nilikuwa mgahawani, Chanuo. Pale kijijini, karibu na daraja. Nilikaa saa moja na dakika arobaini nakunywa chai."

Msusi aliendelea kutabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye maneno yamemfika masikioni kabla ya akilini.

"Ulikuwa umeloa."

"Nilisimama chini ya mfereji wa paa. Wa ile nyumba. Matope nilijipaka."

Aliutoa mkono wake mkononi mwa Fundi, polepole, kidole kimoja kimoja. Alimtazama kama anavyowatazama watu ambao anajaribu kukumbuka amewaona wapi.

"Na hapo ndani sasa hivi? Mbele ya mama?"

Fundi akageuka kuitazama nyumba.

"Ungeniambia kule kule, kwenye kochi la watu, ningekutukana, nikalia, tukapanda treni. Umeniacha nitangaze mji mzima." Sauti ilikuwa ndogo. "Nenda."

"Chanuo..."

"Jina langu usilitaje."

Asubuhi iliyofuata simu ya Fundi ililia, kutoka ng'ambo.

"Shemeji," dada akaanza, kisha akajirekebisha, "hapana, si shemeji. Nikuulize. Chai ilikuwa na sukari?"

"Dada, nakuomba radhi."

"Usiniombe mimi. Jana hiyo hiyo nimekwenda nyumbani kwa yule mwenye saluni kumwombea mdogo wangu ile nafasi. Wameshampa mtu. Amekuja msichana mwingine, ameshaanza kazi, na hawahitaji wa pili. Nilitaka ulijue hilo ukiwa umekaa vizuri." Nyuma yake mapacha walikuwa wakilia wote wawili. Akakata.

Wiki tatu Msusi hakupanda lifti. Fundi aliambiwa na mlinzi wa jengo. Kila asubuhi, mlinzi alisema, yule dada anapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, anapumzika kila baada ya ngazi kumi, na mguu wake ule. "Nimemwambia lifti ni nzima, wewe mwenyewe umeikagua. Akasema ndiyo maana."

Fundi alikwenda kwa mama yake Msusi, peke yake, mchana. Alimkuta akisahihisha madaftari ya mjukuu wa jirani. Akamwambia yote akiwa amesimama, kwa sababu aliona haya kukaa.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Ulikunywa vikombe vingapi?"

"Viwili, mama."

"Na chakula?"

"Keki."

Mama akavua miwani. "Mwanangu alishaniambia siku ile ile. Nilikuwa nahesabu siku, nione kama utakuja. Ishirini na mbili." Akarudisha macho kwenye daftari. "Mimi sina la kukwambia. Aliyekaa mtaroni si mimi."

Jioni ile simu ya Fundi ikaandika jina ambalo hakulitarajia.

"Jumamosi saa sita mchana," Msusi alisema. "Njoo saluni."

"Nije kuongea na wewe?"

"Uje kuongea na wateja. Mimi nimechoka kuulizwa tarehe ya harusi. Walisikia uongo kutoka kwangu, wasikie ukweli kutoka kwako."

Jumamosi saa sita saluni ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Harufu ya mafuta ya nywele na nywele zilizopashwa moto ilimpokea tangu kwenye korido. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na jasho lilikuwa tayari limelishika mgongoni. Msusi, aproni nyeusi, mgongo kwa mlango, alikuwa akisuka mteja na hakugeuka.

"Shemeji huyo!" wakashangilia.

"Akina dada," Fundi akasema, "naomba mzime mashine kidogo."

Zikazimwa. Kofia za kukaushia zikainuliwa kutoka vichwani. Akawaambia. Safari hii hakuweka ukungu wala kondoo. Alisema alikasirika, akaondoka, akaingia mgahawani, akavua soksi.

"Soksi?" mmoja akauliza. "Ukavua na soksi?"

"Ndiyo."

"Mwenzako yuko mtaroni?"

"Ndiyo, dada."

"Na keki alikula!" Msusi akasema kutoka kule, bila kugeuka.

"Keki!" Saluni ikalipuka. Mmoja akampigia makofi ya kejeli, mwingine akasema yeye tangu mwanzo alishangaa mwanamume gani wa kutafuta saa tatu. Bibi mmoja wa pembeni, rola za kukunjia nywele kichwani, akatikisa kichwa: "Usingesema, mwanangu. Tulikuwa tunakipenda kile kisa." Fundi alisimama akapokea yote, masikio yanawaka. Hakujitetea.

Kelele zilipopungua, Msusi akamalizia msuko aliokuwa ameushika, akaufunga. Ndipo akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Nina swali moja, na hawa wawe mashahidi. Pale juu nilikwambia cheni imetoka. Nilikuita unisubiri. Ulinisikia?"

Angeweza kusema upepo. Angeweza kusema mvua. Hakuna ambaye angemkatalia, na wote pale, hata wale waliomzomea, walikuwa wakimwombea aseme hivyo.

"Nilisikia," Fundi akasema. "Nilisikia 'cheni' na nilisikia 'ningoje'. Nikaachia breki."

Hapana aliyecheka. Bibi wa rola alitazama sakafu.

Msusi alivuta stuli, akaketi, akaunyoosha ule mguu mbele yake bila kuuficha. Alikuwa amelijua jibu tangu usiku wa kwanza. Mtu akiwa mtaroni anajua kama amesikika. Alichokuwa hajui ni kama Fundi angelisema.

"Nafasi yangu kule imekwenda," akasema. "Hairudi. Na huu mguu daktari amesema utakuwa hivi hivi. Unajua hayo?"

"Najua."

"Si unajua kwa kusikia. Kila siku mchana utakuwa unanitazama nimesimama, na utajua."

"Nitajua."

"Nimekasirika, Fundi. Sijamaliza. Hata nusu sijafika." Akajifuta uso kwa ukingo wa aproni. "Na nimejaribu kukasirika peke yangu wiki tatu, nimechoka. Hasira hii nataka nikaimalizie nyumbani kwetu, mimi na wewe, hata ikichukua miaka. Unaiweza?"

Fundi akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeogopa ya kwanza haikuonekana.

"Jibu kwa mdomo, shemeji!" mteja mmoja akapiga kelele. "Tumezima mashine kwa ajili yako!"

"Naiweza," akasema.

Msusi akainuka, akashika meza kwa mkono mmoja mpaka mguu ukakubali. Akamwita mteja aliyefuata, akamwonyesha kiti, kisha akamwambia Fundi bila kumtazama kwamba wanafunga saa kumi na moja, amsubiri.

Mashine zikawashwa tena. Fundi akapata nafasi kwenye benchi kati ya wanawake wawili ambao hawakumpa hata gazeti la kusoma, akakaa, mikono magotini, akasubiri saa zote tano.